Huruma Yahitaji Elimu: Watoto wa Paka Wanapougua

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitembeacho juu ya ardhi akakikadiria riziki yake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Ali zake na Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani mwenu, twaziusia nafsi zetu kwanza, kisha twakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika mambo makubwa na katika yale ambayo watu huyaona madogo. Na leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo kabisa: watoto wa paka asiye na mwenyewe, waliozaliwa kando ya nyumba zetu, kisha wakaugua.

Huenda mtu akasema kuwa mimbari ina mambo mazito zaidi ya haya. Nasi twamjibu kwamba hatukulichagua jambo hili kwa kukosa la kusema, bali kwa sababu tuna deni nalo.

Miaka kadhaa nyuma, paka wa mtaani alizaa watoto watatu katika chumba cha msikiti kinamowekwa jeneza. Siku ya tatu mama yao aligongwa na gari barabarani akafa. Wanafunzi wa madrasa wakaja mbio kutuuliza wawafanyeje watoto wale. Tuliwajibu pale pale, bila ya kufikiri, kwamba wawape maziwa ya ng'ombe. Wakachanga visenti vyao, wakayanunua maziwa, wakayachukua vivyo hivyo yakiwa baridi, wakawalaza vile vitoto chali kama mwanadamu anavyomlaza mwanawe, wakawamiminia kwa kijiko. Ilipofika alfajiri mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa akiharisha na kukoroma kifuani, naye hakuifikia adhuhuri. Wa tatu tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, akatueleza kwa upole kwamba maziwa yale, na namna ile ya kuyanywesha, ndivyo vilivyowamaliza wenziwe.

Watoto wale wa madrasa walilia, nasi tuliona haya. Tulikumbuka hadithi ambayo kila mwaka twaisomesha katika mlango wa kutayamamu, iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (R.A.). Mtu mmoja katika safari alipigwa na jiwe kichwani akapata jeraha, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamjibu kuwa hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akasema kuwa wao ndio waliomwua, akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Miaka mingi tulidhani hadithi ile yawahusu wanaotoa fatwa za udhu na josho peke yake. Kumbe yatuhusu sisi pia, siku tulipoulizwa lisilokuwa katika fani yetu tukajibu.

Basi baada ya siku ile tuliuliza. Na haya tunayokuelezeni leo ni yale tuliyofunzwa na wajuzi wa wanyama, tukiyaweka pamoja na yale tuliyoyapokea kwa wanavyuoni wa dini.

Kwanza tujue cheo cha mnyama huyu katika sharia yetu. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan ya Abu Dawud na ya Tirmidhi kwamba Kabsha binti Kaab bin Malik alimmiminia mkwewe, Abu Qatada (R.A.), maji ya kutawadhia. Akaja paka anataka kunywa, Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akawa anatazama kwa mastaajabu, na mzee yule akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Na Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, Abu Huraira (R.A.), jina lake hilo la utani maana yake ni baba wa kipaka, kwa sababu ya kipaka alichokuwa akicheza nacho alipokuwa akichunga mbuzi wa watu wake.

Pili tuitazame hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Wengi twaijua hadithi hii, lakini wachache huitazama sababu iliyotajwa ndani yake. Mwanamke yule alimfunga paka, kisha hakumpa chakula wala kinywaji, wala hakumwacha huru akajitafutia wadudu wa ardhini. Alikuwa na milango miwili, ama amlishe, ama amfungulie, naye akaifunga yote miwili.

Sasa mtazameni mtoto wa paka wa siku tatu. Macho yake yamefumba, nayo hayafumbuki mpaka siku ya 7 hadi ya 14. Masikio yake hayajafunguka barabara. Hawezi kutembea, hawezi kuwinda, wala hawezi hata kwenda haja mwenyewe bila ya kulambwa na mama yake. Mtoto huyu mlango wa pili hana. Mwenye kumchukua kutoka kwa mama yake, au kumwokota baada ya mama kufa, akamtia ndani ya boksi nyumbani kwake, hawezi tena kusema kuwa amemwacha huru ajitafutie. Amekwisha ishika amana. Na mafakihi wetu wameeleza katika mlango wa matumizi kwamba mwenye mnyama yamlazimu kumlisha na kumnywesha, hata wakasema asimkamue mnyama maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto wake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kumtia mkononi mtoto yeyote wa paka, ni kuhakikisha kama mama yake yupo. Amepokea Abu Dawud kwamba Masahaba wakiwa safarini waliwachukua vifaranga wawili wa ndege, na mama yao akaja akipigapiga mbawa kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia ndege yule majonzi kwa ajili ya watoto wake, akaamrisha arudishiwe.

Paka mwenye watoto huondoka kwenda kutafuta chakula, na huweza kukawia kwa saa kadhaa. Ukiwakuta watoto wamelala wamebanana, wametulia, wana joto, ni safi, na matumbo yao yamejaa, basi mama yao yu karibu. Waache walipo, jitenge mbali, uangalie. Kwa kawaida mama hamkatai mtoto wake kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu, lakini akisumbuliwa mno huwahamisha, na katika kuhamahama huko baadhi yao hupotea. Sadaka iliyo bora hapo ni kumlisha mama: samaki aliyechemshwa bila ya chumvi wala viungo, na maji safi karibu yake. Maziwa ya mama, hasa yale ya saa 24 za mwanzo, humpa mtoto kinga ya maradhi ambayo hakuna duka liuzalo mfano wake. Angalieni pia mahali walipolazwa. Kama pana siafu au sisimizi, au mvua hupapiga, wasogezeni hatua chache tu, mahali ambapo mama ataweza kuwaona na kuwasikia.

Ama wakiwa wanalia mfululizo, au wamepoa, au imethibitika kuwa mama amekufa, hapo hapana kungoja.

Na dalili za ugonjwa ni hizi. Mtoto hujitenga na wenziwe. Hulia bila ya kunyamaza, au hunyamaza mno hata akitikiswa. Mwili wake hulegea, na ukimtia ncha ya kidole kinywani waona pamepoa wala hanyonyi. Dalili nyingine ni uzito. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na gramu 100 hivi, na akiwa mzima huongezeka kwa gramu 10 au zaidi kila siku. Mpimeni kila siku saa ile ile, kwa mizani ndogo ya jikoni au ya dukani. Asiyeongezeka yafaa aangaliwe kwa makini, na anayepungua ni mgonjwa, hata kama bado anatambaa.

Dawa ya kwanza ni joto, kabla ya maziwa na kabla ya kidonge chochote. Katika wiki zake za mwanzo mtoto wa paka hawezi kuuhifadhi mwenyewe ujoto wa mwili wake, bali huupata kwa mama na kwa ndugu zake. Wiki ya kwanza huhitaji kulala mahali penye joto la nyuzi 29 hadi 32. Wala tusidanganyike kwa kuwa twaishi pwani. Sakafu ya saruji usiku, upepo wa kusi na mvua za masika hutosha kumwua kwa baridi, Lamu, Mombasa au Unguja. Tieni maji ya moto ya kiasi ndani ya chupa, izungusheni kwa kitambaa, muiweke upande mmoja wa boksi lililotandikwa kanga kuukuu, ili mtoto akiona joto limezidi aweze kujisogeza upande wa pili. Aliyepoa sana apashwe joto polepole, kwa muda wa saa moja au zaidi, hata kwa kumweka kifuani ndani ya nguo. Asichovywe katika maji ya moto, wala asisogezwe motoni.

Na aliyepoa asipewe maziwa mpaka apate joto. Tumbo lililopoa halisagi chakula, na maziwa hubaki humo yakamletea madhara. Hili ndilo tulilokosea mwanzo.

Dawa ya pili ni maziwa yafaayo. Maziwa ya ng'ombe hayalingani na ya paka. Yana mafuta na protini kidogo kuliko ya mama yake, na sukari yake humharisha. Katika maduka ya dawa za mifugo mijini hupatikana maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, nayo ndiyo bora. Yakikosekana, maziwa halisi ya ng'ombe yaliyochemshwa, yakapoa, kisha yakatiwa kiini cha yai, huweza kumvusha siku moja au mbili hivi, wakati mnapotafuta shauri la daktari wa mifugo. Yawe vuguvugu, mfano wa maziwa ya mtoto mchanga unayoyaonja kwa kuyadondosha mkononi.

Na namna ya kumnywesha ina adabu yake. Mtoto wa paka hunyonya akiwa amelalia tumbo, kichwa kikiwa juu kidogo. Akilazwa chali maziwa huingia mapafuni, na hiyo ndiyo sababu ya kukoroma kule tulikokutaja. Tumieni chupa ndogo yenye chuchu, au bomba la sindano lililoondolewa sindano, mdondoshe tone baada ya tone, naye ameze kwa nafasi. Wiki ya kwanza tumbo lake halichukui zaidi ya kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Baada ya kila mlo chukueni pamba iliyoloweshwa maji vuguvugu, mumpanguse taratibu sehemu zake za haja mpaka akojoe, kama mama yake anavyofanya kwa ulimi. Hili huendelea mpaka yapata wiki ya tatu. Wengi waliofunga choo wakavimba matumbo walikosa jambo hili dogo.

Twajua kuwa kazi hii ya usiku ni nzito, na mara nyingi humwangukia mama wa nyumba au binti yake peke yake. Haifai. Gawaneni, wanaume kwa wanawake. Mmoja amlishe baada ya Isha, mwingine usiku wa manane, na yule aliyeamka kwa ajili ya tahajudi amlishe kabla ya kuitika adhana ya Alfajiri. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alishuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake cha ngozi akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Masahaba walipouliza kama tuna ujira kwa ajili ya wanyama, Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa katika kila kiumbe chenye uhai mna ujira.

Ama maradhi yenyewe, yanayowapata zaidi ni haya. Macho kuvimba na kutoa usaha: yapanguseni kwa pamba na maji vuguvugu yaliyochemshwa, kila jicho kwa pamba yake, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani usaha ukikaa nyuma ya kope zilizofumba huharibu jicho. Msimtie dawa ya macho iliyobaki ya mtu, maana ziko zinazozidisha kidonda. Mafua: puani huziba, naye asiyenusa hanyonyi. Kuharisha: humkausha mtoto huyu upesi mno, hata saa chache ni nyingi. Viroboto: humnyonya damu mpaka fizi zikawa nyeupe. Waondoeni kwa chanuo la chawa na maji vuguvugu, kisha mumkaushe papo hapo asije akapoa. Na minyoo, ambayo huweza kumwingia kupitia maziwa ya mama. Daktari huanza kutoa dawa yake tangu wiki ya pili au ya tatu, kwa kipimo cha uzito.

Hapa twawaonya kwa msisitizo, enyi ndugu. Dawa imfaayo mwanadamu huweza kuwa sumu kwa paka. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumwua paka mzima, sembuse mtoto wa gramu 100. Aspirini nayo msimpe. Dawa za viroboto za mbwa, na zile za kupulizia wadudu, nyingi zina permethrini, nayo humwua paka. Msimpanguse kwa dawa za kuogeshea mifugo wala za kusafishia vyoo. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, lakini dawa isiyojulikana haiwi tiba. Asiye na uwezo wa kumlipa daktari basi na amwulize bwana mifugo wa mahali pake, kwani kuuliza ni bora kuliko kubahatisha.

Wala huruma kwa mnyama isitusahaulishe haki ya nafsi zetu na ya twahara. Paka mwenyewe ni twahara, na mate yake ni twahara. Ama mkojo wake na mavi yake, katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, hata akiwa mchanga. Ile takhfifu ya mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ni ya mwanadamu peke yake, wala haimhusu mnyama. Basi tengeni nguo ya kazi hiyo, na nguo ya sala iwe mbali. Osheni mikono kwa sabuni kila mmalizapo. Mwanamke mjamzito asishike mavi ya paka, kwani huenda yakawa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Afanyiwe na mwingine. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila ya kuchelewa, kwa kuwa paka huweza kuambukiza kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishadhihiri hauna dawa. Kwa hiyo akishapona na kukua, yapata wiki ya 8 mwulizeni daktari juu ya chanjo za maradhi ya paka, na ya kichaa cha mbwa afikishapo miezi 3.

Ndugu Waislamu, wako wanaowatia watoto wa paka ndani ya mfuko wakawatupa jaani wangali hai, au wakawatosa baharini, wakaona wamesafisha nyumba. Na wamwogope Mwenyezi Mungu. Asiyeweza kuwatunza amtafute awezaye, au angalau asiwatenge na mama yao. Na wako, kinyume cha hao, wanaojitahidi siku tatu usiku na mchana kisha mtoto akafa mikononi mwao, wakajilaumu. Hao twawaambia kwamba watoto wa paka walio yatima hufa kwa wingi hata mikononi mwa mabingwa, na uhai ni wa Mwenyezi Mungu. Aliyeuliza, akatenda kwa kadiri ya uwezo wake, hana lawama. Amzike ardhini, wala asimtupe, ili asiudhi watu kwa harufu.

Enyi wanafunzi, nanyi tuna neno nanyi. Mwalimu akikujibuni upesi katika jambo lisilo la fani yake, mwulizeni kwa adabu amelipata wapi. Wale wa madrasa yetu leo hufanya hivyo, nasi hatuchukii.

Yule mtoto wa tatu alipona. Wanafunzi walimlisha kwa zamu, wakiandika uzito wake kwa chaki juu ya mlango wa chumba cha jeneza, gramu baada ya gramu, mpaka alipoanza kula mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tutilie huruma nyoyoni mwetu, na utupe elimu ya kuitumia huruma hiyo. Utusamehe tuliyoyaharibu kwa kutojua kwetu, na utujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kutenda. Warehemu viumbe wako wanyonge wasio na ulimi wa kushitaki, na uturehemu sisi kwa sababu yao. Amin.

Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ali zake, na Masahaba zake wote.